Kuanza kushika mashauri ya familia: maswali ambayo mawakili wapya hutuuliza Dodoma

Ofisi yetu hapa Dodoma hupokea mawakili wapya na wahitimu wa mafunzo ya uanasheria kwa vitendo wanaotaka kushika mashauri ya ndoa, watoto na mali za familia. Jumamosi asubuhi tunakaa nao mezani. Katikati ya wiki wanafuatana nasi mahakamani. Siku zilizobaki wanasoma majalada yaliyofungwa, majina yakiwa yamefutwa. Maswali yao hufanana mwaka hadi mwaka, nami nimeona niyajibu kwa maandishi, kila moja kwa urefu ninaoona linastahili.

Nimeshapita Law School. Bado nahitaji mafunzo gani?

Law School imekufundisha kuandaa nyaraka, kuhoji mashahidi na maadili ya kazi. Hayo yote utayatumia. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, si ndefu; unaweza kuisoma mwanzo hadi mwisho kwa siku mbili na ukabaki na muda wa kurudia. Wakili mpya anayepoteza shauri la ndoa mara nyingi alikuwa anajua kifungu. Alichokosa ni tarehe ambayo hakuiuliza, risiti ambayo mteja alikuwa nayo nyumbani akadhani haina maana, au cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ambacho hakukisoma vizuri. Mashauri mengi ya familia niliyoona yakiharibika yaliharibika kabla hayajafika masijala. Mafunzo yetu yanaanzia hapo, kwenye kiti cha mteja.

Mahojiano ya kwanza na mteja niyaendesheje?

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Anza na simu. Kabla hujauliza lolote kuhusu ndoa, uliza: "Mama, namba hii ni yako peke yako? Kuna mtu mwingine anayeshika simu yako?" Wapo wanawake ambao ujumbe mmoja kutoka kwa wakili, ukisomwa na mume usiku, unaweza kuwaletea kipigo. Tunaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: piga saa ngapi, usitume ujumbe, au pitia kwa dada yake. Wanaume nao waulize hivyo hivyo. Wapo ambao hawataki mtu yeyote ajue kwamba wamekwenda kwa wakili.

Kisha mwache aongee. Mteja wa ndoa hafiki ofisini siku aliyogombana. Anafika baada ya miaka. Amekwisha kuongea na mshenga, wazazi, mchungaji au shehe, mwenyekiti wa mtaa, na kila mmoja alimkatiza katikati akampa ushauri. Usiwe wa sita. Mpe dakika ishirini bila swali lolote la sheria. Andika maneno yake kama anavyoyasema. Usiyageuze kuwa "ukatili" au "utelekezaji" wakati bado anaongea. Akisema "tangu mwaka wa njaa hajala chakula changu," hayo ni maelezo ya maana, na swali lako la baadaye ni mwaka huo ulikuwa upi na nani mwingine anaufahamu.

Akimaliza, ndipo unarudi nyuma na kalenda. Kwa uzoefu wangu watu wetu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio: mtoto wa pili alikuwa darasa la ngapi, ilikuwa kabla au baada ya Serikali kuhamia Dodoma, mavuno ya alizeti yalikuwa yameshaingia. Chora mstari kwenye karatasi, weka watoto juu yake kwa miaka yao ya kuzaliwa, halafu weka kila tukio mahali pake. Tarehe ya ndoa lazima ipatikane, maana kwa kawaida huwezi kuomba talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa bila idhini ya mahakama. Tarehe ya kutengana nayo ni muhimu, kwa kuwa miaka mitatu ya kutelekezwa au kutengana ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, chini ya kifungu cha 107.

Swali la mwisho la siku hiyo liwe moja: "Ukiamka kesho mambo yamekwisha, unataka kuwa unaishi wapi na nani?" Jibu lake litakuambia kama anataka talaka, matunzo, kutengana, au anataka mtu mmoja tu mwenye mamlaka amwambie mumewe aache pombe. Si kila anayeingia mlangoni anataka kuvunja ndoa, na si kazi yako kumsukuma huko.

Mteja amekuja na kaka yake, na kaka ndiye anayeongea.

Msalimie kaka kwa heshima zote, mshukuru kwa kumsindikiza, kisha mwombe asubiri nje. Hufanyi hivyo kwa kumdharau. Kaka anaweza kuwa shahidi baadaye, na anaweza kuwa na lake kuhusu ng'ombe wa mahari. Mteja wako ni mmoja.

Mteja anaongea Kigogo na Kiswahili chake ni kidogo. Nifanyeje?

Hili litakukuta, hasa kwa mama watu wazima kutoka vijiji vya Bahi, Chamwino au Mpwapwa. Ukienda Kondoa utakutana na Kirangi. Usimtumie mtoto wake kutafsiri habari za kitandani au za kupigwa. Tafuta mtu wa jinsia yake asiye ndugu, mweleze kuhusu siri, na umwombe atafsiri sentensi kwa sentensi bila kufupisha. Mama akiongea dakika tano na mkalimani akasema "anasema hawapatani," simamisha, anza upya.

Kwa nini mnasisitiza sana Baraza la Usuluhishi wa Ndoa?

Kwa sababu ndilo lango. Kifungu cha 101 kinasema huwezi kuomba talaka mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwanza kwenye Baraza na Baraza limethibitisha kushindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106 kinataka maombi ya talaka yaambatane na cheti cha Baraza, na cheti hicho kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi kuwasilishwa. Mahakama ya Rufaa imesema zaidi ya mara moja kwamba maombi yasiyo na cheti halali yamefika kabla ya wakati wake. Mwenendo mzima unafutwa, hata kama mashahidi wamekwisha kusikilizwa na hukumu imetoka.

Nieleze jambo lililonipata. Katika mwaka wangu wa pili wa uwakili nilipokea mama mmoja kutoka wilaya ya jirani. Cheti cha Baraza alikuwa nacho, amekikunja mara nne ndani ya kipochi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Nilitazama majina, nikatazama mhuri, nikaona vipo. Cheti kilikuwa na miezi mitano na nusu. Nikakaa na jalada wiki saba nikisubiri taarifa za kiwanja kutoka ofisi moja. Nilipowasilisha maombi, miezi sita ilikuwa imepita na mimi sikuhesabu. Shauri likasajiliwa, likaanza kusikilizwa. Mashahidi wawili walishatoa ushahidi wao pale upande wa pili ulipoweka pingamizi, na lilikuwa pingamizi sahihi. Shauri likaondolewa. Mama yule akarudi kuanza Barazani, na katika miezi hiyo ya kuanza upya mume akauza ng'ombe wote waliokuwa wakibishaniwa. Tangu siku hiyo, kila jalada la talaka ofisini kwetu lina tarehe ya cheti na tarehe ya kuisha miezi sita zimeandikwa kwenye jalada la juu, kwa namba kubwa. Kila anayekuja kujifunza hapa anaanza kwa kuandika tarehe hizo mbili.

Ukipokea cheti, kisome hivi: Je, kimetolewa na Baraza lenye mamlaka? Kiko kwenye fomu inayotakiwa, ile ambayo makarani wengi wanaiita Fomu Namba 3, au ni barua tu ya mtendaji wa kata? Kinasema wazi kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha, au kinasema "wameshauriwa wakajaribu tena"? Pande zote mbili ziliitwa? Baraza linakaa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, wamesaini wangapi? Barua nzuri yenye mhuri wa duara inaweza isiwe cheti.

Zipo hali ambazo sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila kupita Barazani: mwenza amekutelekeza na hajulikani alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, ameitwa Barazani akakataa makusudi kuhudhuria, amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee. Usikimbilie hili la mwisho. Linahitaji maelezo na ushahidi, na hakimu hatakubali tu kwa sababu mteja ana haraka.

Naweza kumsindikiza mteja Barazani?

Huwezi kumwakilisha kama wakili. Unachoweza kufanya ni kumwandaa vizuri: aende na nini, aseme nini kwa ufupi, asitukane, na asisaini karatasi ambayo hajasomewa. Mwambie pia kwamba Baraza linaweza kuambatisha mapendekezo yake kuhusu matunzo, watoto na mali, kwa hiyo asikae kimya akidhani mambo hayo ni ya mahakamani tu.

Mume kahamishiwa Dodoma, mke kabaki Dar es Salaam na watoto. Baraza la wapi?

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, familia za namna hii zimekuwa nyingi, na swali hili sasa tunaulizwa karibu kila mwezi. Kwa Mabaraza ya kata, sheria inaangalia kata anakoishi mume. Kama mume haishi Tanzania, kata anakoishi mke. Lipo pia Baraza la jumuiya, ikiwa wote wawili ni wa jumuiya moja yenye Baraza lililoundwa kisheria. Kwa hiyo mama wa Dar es Salaam anaweza kulazimika kupanda basi au treni hadi kata ya Nzuguni au Ihumwa. Mweleze mapema, ili apange nauli na mtu wa kukaa na watoto. Na hakikisha kwanza mume kweli anaishi huku, maana wapo wanaopanga chumba Dodoma na kurudi kwao kila Ijumaa.

Shauri nilifungue mahakama ipi?

Kifungu cha 76 kinazipa mamlaka Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu kwa pamoja. Kwa wateja wengi wa kipato cha chini Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na ya gharama ndogo, na tangu mabadiliko ya mwaka 2021 wakili anaweza kusimama kwenye Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na Hakimu Mkazi. Usiikwepe kwa kuona ni ndogo. Nenda ukakae siku nzima kwenye benchi la nyuma usikilize. Utajifunza jinsi hakimu anavyouliza maswali ya moja kwa moja, jinsi wazee wa kata wanavyoeleza mila, na jinsi ushahidi wa mdomo wa jirani mmoja mwenye kumbukumbu nzuri unavyoweza kubeba shauri.

Hapa mjini tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambapo ngazi mbalimbali za mahakama ziko chini ya paa moja. Temeke, Dar es Salaam, kuna kituo kinachoshughulikia ndoa, watoto na mirathi pekee; ukipata nafasi ya kukitembelea, nenda.

Mteja anasema nyumba waliijenga wote, lakini hati ina jina la mume. Nianzie wapi?

Anzia kwenye hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa, 1983. Hapo ilikubalika kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Isome yote kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bila malipo, uone pia sehemu ambayo Bi Hawa mwenyewe hakufanikiwa. Kisha soma kifungu cha 114, ambacho kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hapo fahamu kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Mahakama ya Rufaa imelirudia hilo mara nyingi. "Nilimpikia na kumfulia miaka kumi na minne" ni mwanzo mzuri. Hautoshi peke yake kama upande wa pili unakuja na hati za mshahara.

Nitaeleza jalada moja, nikiwa nimebadilisha mambo ya kumtambulisha mhusika. Mama muuza chapati na maandazi sokoni alikuja na begi la shangazi kaja, akalimwaga mezani. Ndani kulikuwa na stakabadhi za saruji zilizofifia, daftari la fundi lenye madoa ya mafuta, kadi ya kikoba, picha mbili za msingi wa nyumba, na karatasi ya mauziano ya kiwanja ya serikali ya mtaa. Mume, mtumishi, alikuwa amesema nyumba ni jasho la mshahara wake.

Wakili kijana aliyekuwa nasi alichukua karatasi kubwa akachora safu nne: tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, fedha ilitoka wapi. Alikaa na zile stakabadhi siku mbili, zingine akizisoma kwa tochi ya simu kwa kuziinamisha upande. Jioni ya siku ya pili akaona kitu. Mabati yalinunuliwa siku tatu baada ya kikoba kuvunja mzunguko na kugawana, na kiasi cha mgao wa mama kilikaribiana sana na bei ya mabati. Tukamtafuta mweka hazina wa kikoba. Akaja mahakamani na daftari lake. Mama hakupata nyumba yote, wala hatukumwahidi hivyo, lakini alipata sehemu inayoonekana. Zoezi letu la mwezi wa pili ni hilohilo: tunakupa begi la karatasi zilizochanganywa, nawe unalirudisha likiwa jedwali la ukurasa mmoja ambalo hakimu anaweza kulielewa kwa kulitazama mara moja.

Kuhusu Dodoma yenyewe: nyaraka za ardhi hapa zina historia yake. Utaona karatasi za CDA, mamlaka ya ustawishaji iliyovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Utaona barua za toleo, hati mpya, na makaratasi ya mtaa ya maeneo ambayo baadaye yalipimwa upya. Jifunze kuyasoma na kuyafuatilia ofisi ya ardhi ya Jiji. Na kama kuna dalili kwamba nyumba ya familia itauzwa, usisubiri shauri kuu. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na maslahi hayo yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi.

Hawana cheti cha ndoa. Ng'ombe wa mahari mmoja hajalipwa bado. Ndoa ipo?

Ng'ombe aliyebaki havunji ndoa. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama taratibu za kimila za mahari hazikukamilika. Hapo unahitaji mashahidi wa ndoa ya kimila: mshenga, wazee wa pande zote, aliyehesabu mifugo. Kama hakukuwa na sherehe yoyote bali waliishi pamoja, angalia kifungu cha 160: miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja, wakijulikana kwa watu kuwa mume na mke, inazaa dhana ya ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na hata ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine kama ilivyo ndoa inapovunjwa. Wengi hawaifahamu sehemu hii ya pili.

Mume ametoa talaka tatu. Mteja anasema ndoa imekwisha.

Kidini hilo ni la kuzungumza na shehe wake. Kwa Sheria ya Ndoa bado kuna hatua ya mahakama. Kifungu cha 107(3) kinasema pale wahusika walipofunga ndoa ya Kiislamu, Baraza likathibitisha kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itatoa amri ya talaka. Zingatia mpangilio: Baraza kwanza, talaka baadaye. Waeleze wateja wa Kondoa na Chemba jambo hili kwa upole. Linahusu imani yao, na wakili anayelizungumza kwa ubabe hawezi kuaminiwa tena.

Kuhusu watoto, nijifunze nini?

Kwanza ujue kwamba mtoto si mali ya kugawanywa, na lugha yako kwenye nyaraka ionyeshe hivyo. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto mbele. Ina dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama, nayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Inataka pia maoni ya mtoto mwenye umri wa kuyatoa yasikilizwe, na inatahadharisha kuhusu kumvuruga mtoto kwa kumhamisha. Isome pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kwa vitendo, mtu utakayemhitaji sana ni afisa ustawi wa jamii. Mjue kwa jina, jua anavyofanya kazi, usimpigie usiku wa kuamkia siku ya shauri. Ripoti yake inaangalia mtoto analala wapi, anakwenda shule gani, nani anampikia. Mwandae mteja aeleze hayo hayo: ratiba ya siku ya mtoto kuanzia kuamka hadi kulala. Baba mmoja aliyekuwa akidai kukaa na binti yake hakujua anavaa viatu namba ngapi. Sikumuuliza ili kumuumbua; nilimuuliza ofisini, faraghani, akanyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata akaomba tubadilishe dai liwe la haki ya kumwona mwishoni mwa wiki. Hilo alilipata kwa maridhiano.

Mteja amepigwa na majeraha yanaonekana.

Usalama na matibabu kabla ya karatasi yoyote. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, aende hospitali, na nakala ya PF3 iliyojazwa na daktari ibaki kwenye jalada lako. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, na kifungu cha 138 kinaipa mahakama uwezo wa kumzuia mwenza kumbughudhi mwenzake. Usimwambie "vumilia kidogo tuone." Neno hilo ameshaambiwa na watu wengi, na kwako hakulifuata.

Aliolewa akiwa na miaka kumi na sita. Hilo linabadilisha nini?

Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliona vifungu vya 13 na 17 vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono Oktoba 2019. Kama alikuwa mwanafunzi, kuna pia kosa la jinai chini ya Sheria ya Elimu, lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Lakini mbele yako ameketi mtu mzima sasa, mwenye watoto. Muulize anataka nini kabla hujamgeuza kuwa shauri la mfano.

Nyaraka niandike kwa Kiswahili?

Ndiyo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu, na kwa mashauri ya familia hili ni neema: mteja anaweza kusoma kiapo chake mwenyewe. Ugumu ni kwamba wengi tumefundishwa kufikiri kwa Kiingereza, tukiandika Kiswahili kinatoka kimepinda. Msomee mteja ukurasa mmoja kwa sauti. Akikunja uso, andika upya.

Jambo lingine la nyaraka: sheria zimechapishwa upya katika Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Namba za vifungu nilizotaja hapa ni zile zilizozoeleka kwenye hukumu. Kabla ya kuwasilisha hati yoyote, hakiki kwenye toleo jipya.

Wateja hawa hawana fedha. Nitaishije?

Andika makubaliano ya ada siku ya kwanza, hata kama ni elfu hamsini kwa awamu tatu, na utoe risiti. Ukiona hawezi kabisa, mwelekeze kwa watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Usichukue shauri kwa huruma ukaliacha katikati. Mteja aliyeachwa katikati anaumia zaidi ya yule uliyemwambia ukweli mapema. Mirathi nayo itakupa kazi, kwa kuwa nusu ya wanaokuja kwa ndoa hurudi baadaye kwa ajili ya mali za wazazi.

Hukumu imetoka lakini mume halipi matunzo.

Hapa wengi hufunga jalada, na hapa ndipo mama anapoanza kuhangaika peke yake. Rudi mahakamani kukaza hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Dodoma ina waajiriwa wengi wa Serikali, na makato kwenye mshahara ni njia inayofanya kazi kuliko ahadi. Kwa mfugaji au mkulima wa zabibu, omba mapema amri inayolingana na msimu wake wa mapato. Amri ya kulipa kila tarehe mosi kwa mtu anayeuza mara mbili kwa mwaka itavunjwa mwezi wa pili. Na kama mteja hakuridhika na hukumu, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu inawasilishwa ndani ya siku 45 kupitia mahakama iliyotoa uamuzi. Hesabu siku hizo siku ileile ya hukumu.

Ninalemewa na habari ninazosikia. Ni udhaifu?

Hapana. Usishike mashauri mawili ya kipigo siku moja ukiweza kuepuka. Ongea na mwenzako wa ofisini, bila kutaja majina. Sisi Ijumaa jioni tunakaa nusu saa, kila mmoja anasema jalada lililomkaa moyoni wiki hiyo. Wakili aliyechoka huanza kumkatiza mteja, na hapo anakuwa yule mtu wa sita.

Siku ya kwanza nije na nini?

Daftari la karatasi, kalenda ya miaka kumi na tano iliyopita, Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto zilizochapishwa ili uzichore, kalamu nyekundu kwa ajili ya jalada, na viatu vya kutembelea. Saa mbili kamili tunaondoka kwa miguu kwenda kukaa benchi la nyuma la Mahakama ya Mwanzo.